Gurbaba ya Nyanya Sitelbanat

Muchiri ana studio Kawangware, na ana kompyuta inayojua kila kitu. Unaipa picha ya zamani, inaitia rangi kabla hujamaliza kupiga chafya. Mimi Afrah, mjuaji wa ukoo, nikampelekea picha ya harusi ya nyanya yangu Sitelbanat, iliyopigwa hapa Makina, Kibera, kabla ya Uhuru. Waliohudhuria wote tumeshawazika, amebaki yeye. Nilitaka kumfurahisha. Hongera kwangu.

Picha iliporudi, babu alikuwa mweupe pe, utadhani mtalii aliyepotea Kibera. Nyasi ziling'aa kijani, sijui zimemwagiliwa na nani, hapa ambapo maji tunayapangia foleni na mitungi. Na nyanya, bibi harusi, amevaa gurbaba nyeupe.

Gurbaba ndiyo nguo yetu Wanubi, kitambaa cha rangi kali anachojifunga mwanamke kiunoni. Nyeupe ni ya mjane aliye edani.

"Astaghfirullah!" nyanya aling'aka. "Mume wangu huyu hapa amesimama, na mshaniweka eda? Si hii! Mwambie huyo kijana si hii!"

Nikampigia Muchiri simu.

"Afrah, hii AI imesoma mamilioni ya picha," akasema. "Bibi harusi huvaa nyeupe."

"Muchiri, nyanya alikuwa ndani ya hiyo nguo!"

"Sawa, lakini ni kitambo. Watu husahau."

Akaniambia nimlete nyanya Jumamosi. Ilipofika, akasema ijayo, kisha ijayo tena. Picha nikaitundika sebuleni, maana fremu ilikuwa nzuri na mimi napenda sifa. Wageni wakamiminika. "Mashallah, Sitelbanat, nyeupe ilikupenda!" Wiki ya kwanza aliwafokea. Ya pili akanyamaza. Ya tatu akaanza kusema asante.

Jumamosi ya nne tukafika Kawangware. Muchiri, heshima zimemjaa ghafla, akamvutia kiti. "Haya shosho, nitajie tu rangi. Naibadilisha sasa hivi."

Nilisimama nyuma yao na kiburi changu chote, nikingoja Muchiri aaibike.

Nyanya akaisogelea skrini. Akaiangalia sana. Akajishika kiuno, akapapasa, kama anayetafuta fundo la nguo.

"Ilikuwa..." Akanigeukia. "Afrah, ilikuwa rangi gani?"

Mimi! Miaka thelathini na mbili nimekula kwa huyu mwanamke, nimelala kitanda chake. Siku ile aliponiambia si hii, nilikuwa na mdomo wa kubishana na kompyuta ya watu, lakini wa kumuuliza, basi ilikuwa ipi, sikuwa nao. Nilijionea haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Tuandike chungwa?" Muchiri akauliza, vidole tayari. "Wanubi si hupenda chungwa?"

Nyanya bado alikuwa ananitazama, akinisubiri nimwambie.