Insha ya Kaburi la Mtama

Nikisikia mtu anamsifu Fakihi kwa elimu yake, nanyanyuka naondoka. Elimu yake naijua. Ilikula mtama wetu.

Kaka yangu Dadi alikuwa kwenye shule ya serikali upande wa Masasi, mwaka ule baada ya vita vya Maji Maji. Sisi tulibaki Chilangala: mama, mimi Mwanne, na mdogo wetu Pili. Askari wa Wadachi walipita vijijini wakizoa kila punje, ili waliopigana wakome. Mama akachimba kaburi, akazika mitungi ya mtama, akafukia, akaweka juu yake chungu kilichotobolewa, kama ilivyo desturi ya makaburi yetu. Tukamlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Askari mmoja alipita pale akavua kofia. Dadi alipokuja kututazama, mama alimwambia siri ile.

Kule shuleni wanafunzi waliojua kuandika waliwasaidia wenzao. Ulikuwa utaratibu wao wenyewe, tena mzuri, sikatai. Jioni walikaa wawili wawili, mmoja akasoma insha yake, mwenzake akaichambua. Dadi alikaa na Fakihi, kijana wa pwani, mpole, hajawahi kulala njaa. Insha ya mashindano ilikuwa juu ya desturi za kwao. Atakayeshinda angefanywa karani, na ndugu za karani hawakuchukuliwa kazi ya barabara. Dadi aliitaka nafasi ile kwa ajili yetu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Akaandika kwamba watu wa kwao huhifadhi chakula kwa akili.

"Haina chumvi hii," Fakihi akamwambia. "Watu gani? Akili gani? Msomaji hajafika kwenu, mwonyeshe."

Dadi akaongeza kaburi.

"Hapo sasa! Liko wapi? La nani? Ukisema mahali fulani, nani atakuamini?"

Dadi akasita, akasema mambo mengine ni ya nyumbani. Fakihi akacheka. "Anayesoma ni mwalimu tu, ndugu yangu."

Basi akaandika yote: Chilangala, kando ya njia ya kuteremkia maji, kaburi alilochimba mama yangu, chungu chenye tundu.

Insha ikashinda. Mwalimu aliipenda mno, akamsimamisha Dadi aisome mbele ya akida wa serikali siku ya wageni. Walimpigia makofi, na Fakihi alipiga kuliko wote.

Askari walikuja na majembe, wakaenda moja kwa moja. Walipomaliza letu wakafukua makaburi yote mapya ya Chilangala, hata yaliyokuwa na watu. Tukabaki kuchimba mizizi ya ming'oko porini. Pili alikuwa mdogo mno kwa chakula kile.

Dadi akarudi na kanzu mpya ya karani, hana habari.

"Shikamoo mama."

Mama alimshika mkono akampeleka kaburini. Dadi akaona udongo mpya, na chungu kimerudishwa juu, akatabasamu.

"Kumbe mmepata mtama mwingine!"

"Ni Pili," nikamwambia. "Askari waliuchukua mtama, wakaacha shimo wazi. Hatukuwa na nguvu za kuchimba jingine."

Mama akakaa chini. "Wanasema uliwasomea wakubwa habari zetu. Nisomee na mimi."

Dadi aliijua kwa moyo. Akaisema yote, mpaka kwenye chungu chenye tundu. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema. "Hukusahau kitu."

Akachukua jembe lake, akaenda kutafuta ming'oko.