Filimbi Upande wa Kulia

Mume wangu ni refa, na kwa miaka kumi na miwili amewatoa watu nje kwa kutofuata sheria. Yeye mwenyewe nyumbani hakuna sheria anayoijua.

Jumatano aling'olewa gego la chini, kushoto. Daktari wa meno, mama mpole mwenye mikono midogo, alimpa pamba aiume, kisha akamweleza taratibu. Damu itakayoganda shimoni ndiyo kifuniko cha kidonda. Ikibanduka, mfupa unabaki wazi. Kwa hiyo leo asisukutue, asivute sigara, asinyonye kitu kwa mrija, na wiki nzima asipulize chochote.

"Hata filimbi?" nikauliza, maana mwenyewe alijitia kiziwi.

"Hasa filimbi, dada."

Jumamosi ilikuwa fainali, ya kwanza kupewa maishani mwake. Nilimwonea huruma, kweli. Nikamsihi ampigie simu mwenyekiti wa waamuzi. Akanitazama kama niliyemwambia avue suruali sokoni.

Alhamisi nikasikia filimbi bafuni.

"Jino limetoka kushoto," akanifafanulia, shavu limemvimba. "Filimbi naiweka kulia. Hewa haifiki huko."

Elimu hiyo aliipata wapi, sijui. Ijumaa maumivu yakampanda hadi sikioni, akawa anazunguka meza ya chakula ameshika taya. Nikasema twende kwa daktari. Akasema kidonda kinajifunga.

Jumamosi nikaenda uwanjani na hasira zangu, nikakaa nyuma ya goli. Dakika ya nane mshambuliaji akaangushwa ndani ya boksi. Penalti ya wazi, hata mimi niliiona. Mume wangu akapuliza kwa nguvu zake zote, kisha akapiga magoti palepale, mikono shavuni, machozi yanamtoka. Mshambuliaji akainuka, akajipangusa vumbi, akamwinamia.

"Refa, na wewe nani kakuchezea rafu?"

Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Ila alipoivua filimbi mwenyewe, akaifuta kwa jezi na kumkabidhi mshika kibendera, kicheko kikaniishia.

Jumatatu daktari alichungulia shimo, akalisafisha, akalitia dawa.

"Ulipuliza kitu?"

Akatikisa kichwa kukataa, mtu mzima na ndevu zake.

"Alipuliza, daktari," nikasema. "Fainali yake yote. Dakika nane."