Mshale na Unyayo wa Mzee

Lori liliingia gereji saa mbili asubuhi, na watu wawili wakashuka, kila mmoja kwa mlango wake, bila kutazamana. Fundi umeme, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cheche, alifuta mikono kwenye ovaroli na kujua papo hapo kwamba kazi ya leo haikuwa ya gari peke yake.

"Huyu ni baba yangu mkubwa," alisema kijana mwenye lori, "kwa hiyo nitaongea kwa adabu. Anataka kuniulia gari."

Dereva, mzee mwembamba mwenye kofia iliyopauka, aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

"Juzi nimepanda naye, fundi. Mshale wa joto umelala kwenye nyekundu kabisa, na yeye anaimba. Anaimba! Ni mara ya nne hiyo ndani ya miezi miwili."

"Niliimba kwa sababu injini haikuwa na joto," mzee akasema.

"Mshale ulisema ina joto!"

"Mwanangu, huo mshale haujaendesha gari hata siku moja."

Mama Cheche aliuma mdomo asicheke. Kijana hakuona cha kuchekesha. Alisema ameshaongea na dereva mwingine, wa kuanza Jumatatu. Kama geji, yaani kipimo chenye huo mshale, ni nzima, basi baba mkubwa amezeeka, akapumzike nyumbani. Kama ni mbovu, yatazungumzwa. Mzee alitazama pembeni. Lori lile alikuwa amelishika miaka thelathini na moja, tangu siku marehemu mdogo wake, baba wa huyu kijana, alipolileta nyumbani.

Fundi hakuanza na waya. Alianza na maswali, kwa sababu gari haliwezi kujieleza.

"Mzee wangu, mshale unapanda wakati gani hasa?"

"Jioni jioni. Na siku za mvua."

"Jioni kuna baridi!" kijana akadakia. "Mvua ndiyo kabisa! Gari gani linachemka kwenye baridi?"

Mama Cheche alitazama swichi za taa. Jioni watu huwasha taa, na mvua ikinyesha huwasha waipa. Alikuwa ameshaanza kunusa jambo, lakini kabla ya kulifuata alitaka kujua kwanza kitu kingine kilichomkera kichwani. Huyu mzee alijuaje?

Lori lilikuwa la pua fupi, injini iko chini ya kebini anamokaa dereva na kifuniko chake kimetuna katikati ya viti. Mzee alikuwa na mtindo uliowafanya madereva wenzake wamtanie mpaka wakachoka: akiwa ndani ya gari, kiatu cha kushoto hakivai. Akishaingiza gia, mguu hutoka kwenye klachi ukaenda kupumzika juu ya kile kifuniko, unyayo mtupu.

"Nasikilizia," alisema alipoulizwa, kana kwamba ni jambo la kila mtu.

Basi Mama Cheche akabandika kipande cha boksi juu ya geji, akafungua kidirisha kidogo cha kukagulia injini, akashika kipimajoto chake cha kuelekeza kama tochi, wakazunguka mtaani.

"Sasa hivi ipoje, mzee?"

"Chai ya mgonjwa."

Kipimajoto kilisoma hamsini na nane. Wakazunguka tena, wakapanda kijilima cha nyuma ya ghala.

"Na sasa?"

"Hii sasa chai ya mgeni. Hapa ndipo inapopenda kukaa."

Themanini na tatu. Walisimama wakaacha injini ipoe, wakarudia, mara tatu. Kila mzee aliposema chai ya mgonjwa, namba haikutoka kwenye hamsini na kitu. Kila aliposema chai ya mgeni, ilikuwa themanini na mbili, na tatu, na tatu. Mama Cheche alihisi vinyweleo vya mikono vikisimama. Miaka kumi na tano alikuwa amenunua vifaa vya kupimia, vingine kwa kujinyima, na hapa palikuwa na mtu anayebeba kipimo mwisho wa mguu wake na hata hajui kwamba ni ajabu.

Waliporudi gereji akabandua boksi. "Washa taa," alisema.

Mzee akawasha. Mshale ukaruka kutoka katikati hadi karibu na nyekundu, hapo hapo, injini ikiwa palepale kwenye themanini na tatu. Akazima taa, ukashuka. Akawasha waipa, ukapanda. Kijana aliyekuwa amejiegemeza mlangoni akasogea karibu.

Ugonjwa ulikuwa kwenye waya mnene unaounganisha injini na chasisi, ule ambao umeme hupitia ukirudi. Ulikuwa umeliwa na kutu mpaka zimebaki nyuzi chache. Kila taa ilipowaka, umeme ulikosa njia nzuri ya kurudi, na geji ikasema uongo. Mama Cheche akauweka mpya, akakwangua chuma mpaka kikang'aa. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kazi nusunusu, akafungua na sensa yenyewe ya joto, inayoipa geji habari, maji ya injini yakamwagika kiasi, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto huku akiipima na mita. Nzima. Akairudisha, akaongeza maji kwenye rejeta hadi juu, akamwita kijana aje aone. Taa, waipa, honi, vyote kwa pamoja, na mshale umetulia tuli kwenye themanini. Alijisikia fundi kweli kweli.

"Sawa, ilikuwa mbovu," kijana akasema. "Lakini yeye alibahatisha tu. Siku ikiwa kweli?" Akamgeukia baba yake mkubwa. "Mchana huu tunapeleka saruji kule juu. Mimi nitakuwepo, na fundi aje. Leo geji ni nzima, utaendesha kwa kuitazama. Ukileta yale mambo yako ya mguu, baba mkubwa, funguo utaniachia."

"Haya," mzee akasema.

Wakapakia, wakaondoka. Barabara ilipanda kwa mikunjo, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bonde. Lori lilinguruma gia ya pili, zito, na mshale haukutikisika. Mama Cheche, aliyebanwa katikati ya viti, aliutazama kwa mapenzi kabisa.

Ghafla mzee akatoa mguu wake juu ya kifuniko, akaurudisha, akautoa tena.

"Hainyweki," akasema.

"Nini?" kijana akauliza.

"Imepita chai ya mgeni. Inachemka hii."

Wote watatu wakatazama geji. Themanini.

"Baba mkubwa, usianze."

Mzee alikuwa ameshawasha taa za tahadhari na kuanza kuvuta lori pembeni, kwenye sehemu pana. Kijana akapandisha sauti. "Mshale huo hapo! Leo ni mzima, fundi mwenyewe yupo! Mwambie, fundi!"

Hapo ndipo Mama Cheche alipokosea, na lile kosa lilimuuma zaidi ya yote aliyowahi kukosea. Alikuwa ameona kwa macho yake asubuhi, mara tatu. Lakini kazi ya mikono yake mwenyewe ilikuwa mbele yake inang'aa, na kila mtu ana udhaifu kwa kazi yake.

"Mzee wangu," akasema, "geji ni nzima. Nimeitengeneza mwenyewe."

Mzee alimtazama mara moja, bila hasira, kama mtu aliyeachwa peke yake na akazoea. Akasimamisha lori, akavuta breki ya mkono. Akaiacha injini izunguke polepole kidogo ivute pumzi, kisha akaizima, akachomoa funguo na kuziweka kwenye kiganja cha mtoto wa mdogo wake. Akashuka, kiatu kimoja mkononi.

Mama Cheche akafungua kile kidirisha na kuelekeza kipimajoto kwenye hedi, kichwa cha injini, akiwa na hakika ya kumwonyesha kijana themanini. Kikasoma mia moja na tisa.

Akapima tena. Mia moja na tisa. Penye rejeta mvuke ulikuwa umeanza kupenya kwenye mdomo wa mpira wa juu wa maji, unyevu mdogo tu, wa kuonwa na anayeutafuta. Wangepanda mikunjo miwili zaidi, hedi ingepinda, na pale juu hapakuwa hata na mahali pa kusimama.

Akakaa kwenye ngazi ya lori. Alijua. Alipoitoa sensa asubuhi maji yalimwagika na hewa ikaingia, na hewa hukimbilia juu kabisa, palepale sensa inapokaa. Maji hayakuwa yanazunguka vizuri, injini ikachemka, na sensa ilikuwa imekaa kwenye mfuko wa hewa, haijaguswa na maji, haina habari. Kuna kijiparafujo, skrubu ndogo ya kutolea hewa hiyo. Alikuwa amekifungua kwenye kila gari kwa miaka kumi na tano. Leo alikuwa na haraka ya kusifiwa.

Kijana alikuja akasoma namba kwenye kipimajoto, akaangalia juu kwenye geji, akaangalia tena namba. "Kwa hiyo geji bado mbovu?"

Mama Cheche angeweza kusema ndiyo. Ingetosha, na jina lake lingebaki safi.

"Geji nzima," alisema. "Mbovu ni mimi. Sikutoa hewa nilipojaza maji. Ningekuulia gari leo, mimi, si yeye." Akageukia alipokuwa mzee. "Mara ya kwanza mshale ulisema moto, akakataa, na alikuwa sahihi. Sasa umesema salama, akakataa, na alikuwa sahihi tena. Wewe umewahi kuona mtu wa namna hii? Mimi sijawahi."

Walisubiri karibu saa nzima injini ipoe. Kisha Mama Cheche akalegeza kile kijiparafujo, na hewa ikatoka kwa mlio mrefu mwembamba, ikatoka na ikatoka, mpaka maji yakafuata. Wakaongeza lita nne. Wakati wote huo mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshavaa kiatu, anatazama bonde. Hakuja kuangalia. Alikuwa abiria.

Kijana alimwendea na funguo mkononi. "Baba mkubwa, twende basi."

Mzee hakuzipokea. "Uliniambia niziache mbele ya mtu," akasema taratibu. "Kwa hiyo sema mbele ya huyo huyo."

Kijana alizifumba funguo kiganjani. Akageuka kumtazama fundi, akageuka tena kwa yule mzee, na uso wake ukawa wa mtoto aliyekuwa akibebwa kwenye lori lile, zamani, kabla hajajua kitu kinachoitwa kuwa na mali.

"Nilikosea," alisema. "Sikukuamini. Yule wa Jumatatu nitamwambia asije. Naomba uendeshe, baba mkubwa. Naomba."

Mzee akanyoosha mkono, na Mama Cheche akageuza uso upande wa bonde ili wasione kwamba analia.