Magunia Yenye Majina Yetu

Mwaka 1991 tulikuwa tukijenga ghorofa mtaani Kiyovu, na winchi ilitupandisha juu ndani ya kikapu cha chuma. Kila asubuhi Léonce, dereva wa winchi, alipandisha kwanza magunia ya mchanga yaliyotuzidi uzito. Kwa mzaha, tuliyaandikia majina yetu kwa mkaa.

"Unatuchelewesha, mzee!" nilimfokea siku moja. "Unapima kamba kwa mchanga ya nini?"

Aliwasha winchi. Kikapu kilipaa na magunia hadi ghorofa ya nne, kikasimama. Ghafla kamba ya chuma ikakatika.

Vumbi lilipotulia, hakuna aliyecheka. Aimable, mwashi mwenzangu, aliokota gunia lake lililopasuka, akalikunja taratibu kama nguo ya marehemu.

Langu aliliokota Léonce. Alinikabidhi, jina langu likiwa juu.