Kaseti ya Honorata

Barua ilitufikia hapa Gaithersburg, Marekani, mwezi wa pili, mwaka 2007. Serikali ya nyumbani ilikuwa imeamua kuinua filamu za Wakenya wenyewe, na filamu ya mume wangu Elkanah ilikuwa moja ya nane ambazo ingezigharamia hadi mwisho. Sharti lilikuwa moja: apeleke kaseti zote za mwanzo alizorekodia kabla mwezi haujaisha.

Elkanah aliisoma akiwa bado na sare ya kazi, akalia. Kwa miaka sita alikuwa akiosha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee, huku filamu yake imelala kwenye katoni ya viatu chini ya kitanda chetu. Aliyeibeba filamu ile ni Honorata, mpishi wa shule huko Kisumu ambaye hakuwa ameigiza hata siku moja. Katika onyesho la mwisho anamlilia mwanawe aliyeuawa, na Elkanah aliapa kwamba bila kilio kile hana filamu. Honorata mwenyewe alifariki mwaka mmoja baada ya sisi kuja huku.

Mimi nilimkumbuka Leonard.

Wakenya wa huku tukifiwa, kamati huundwa kabla machozi hayajakauka: ya chakula, ya kuchanga, ya kusafirisha mwili. Leonard alipofariki, mimi na kupenda vyeo kwangu nilijitwika kazi ya video, ili mama yake huko nyumbani aone jinsi kijana wake alivyoagwa kanisani, mjini Landover. Asubuhi ya ibada sikuwa na kaseti, na Elkanah alikuwa kazini, simu kaizima. Nikachukua moja katonini, ile isiyoandikwa kitu. Nilidhani ni tupu, mjinga mimi. Mama yake Leonard alitumiwa nakala, nami nikairudisha kaseti mahali pake bila kumwambia mtu.

Sasa Elkanah aliipekua katoni, akaitoa ileile.

"Nyaguthii, hii ya kilio cha Honorata sikuiandika jina," akasema. "Ningeisahau aje?"

Akaitia kwenye kamera, akaiunganisha na televisheni. Likatokea jeneza la Leonard na maua ya kanisa.

"Ni mimi," nikasema.

Nilitamani anifokee, lakini aliitazama ibada nzima: mapambio, mahubiri, kamati ikishukuru wageni, mimi nikipita mbele ya kamera na kofia yangu. Dakika hamsini na kitu. Kisha picha ikatetemeka, na Honorata akatokea pale nilipokuwa nimeacha kurekodi. Kilio chenyewe kilikuwa kimefutwa na ibada; hapa onyesho lilikuwa limekwisha. Alikuwa akijifuta macho kwa leso, akicheka.

"Imeingia vizuri, mwanangu?" akauliza. "Maana siwezi kulia hivyo tena."

Sauti ya Elkanah, ya ujana, ikamjibu kutoka nyuma ya kamera: "Imeingia, mama. Nenda ukapumzike."

Kaseti ikaisha. Elkanah akaikunja barua ya serikali, akaitia katonini, akavaa viatu vyake vya kazi na kutoka, ingawa zamu yake ilikuwa kesho yake.