Mstari wa Tatu

Lemuel Gaithers hakuwa na cheti cha kuzaliwa mpaka alipotimiza miaka ishirini na sita, na hicho alichopata kilikosea mwezi. Hakuwa na baba anayemjua. Hakuwa na picha ya mama yake mzazi, aliyemwacha kwa jirani akiwa na miezi saba, akaenda kaskazini kutafuta kazi na asirudi. Hakuwa na mke tena, wala mtoto, wala meno ya juu upande wa kushoto, wala simu ya mkononi, maana alisema ya ukutani bado inalia. Hakuwa na karatasi yoyote ya mahakama inayosema yeye ni mtoto wa fulani. Na hakuwa na hata tone moja la damu ya Ozella Pinkston, yule jirani aliyemlea, ambaye alimwita Mama Zella mpaka siku tulipomzika, wiki ya pili ya Januari, katika udongo mwekundu uliokuwa mgumu kwa baridi.

Kwetu hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Mtoto aliachwa barazani, akalishwa, akawa wa nyumba ile. Hakuna mtu aliyekwenda mjini kuomba ruhusa ya kumpenda. Katika kaunti yetu, kwa watu wa umri wetu, mahakama ilikuwa mahali pa kupelekwa, si mahali pa kwenda.

Lakini Mama Zella alikuwa mwanamke wa akili, na miaka minane kabla ya kufa alituita jikoni kwake baada ya ibada. Tulikuwa watu wanne: yeye, Lemuel, mimi, na Shemasi Alphus Mobley, aliyekuwa na miaka themanini na sita wakati huo na bado akipasua kuni zake mwenyewe. Alitaka kuandika wosia. Alitaka Lemuel auandike.

Ni lazima nieleze kidogo kuhusu mwandiko wa Lemuel. Yeye na mimi tulijifunza kusoma sawasawa tukiwa watu wazima, shule ya jioni, Jumanne na Alhamisi, tukitoka kwenye kiwanda cha mbao na unga wa msonobari bado masikioni. Mimi nilipata mwandiko wa kusomeka. Lemuel alipata mwandiko wa kutazamwa. Herufi zake zilisimama kama wanakwaya. Watu walimletea barua za serikali awasomee, na majibu awaandikie, naye hakukataa hata mmoja.

Basi Mama Zella alisema, Lemuel akaandika. Nyumba na ekari thelathini na mbili za misonobari, kwa Lemuel. Nusu ekari ya makaburi, kule nyuma, kwa kanisa, isiuzwe milele. Kinanda kwa Delphine, binti wa marehemu kaka yake, anayeishi Cleveland. Mama Zella akatia sahihi. Chini Lemuel alikuwa amechora mistari mitatu ya mashahidi. Wawili wanatosha, alisema, lakini watatu ni heshima.

Mimi nilitia sahihi ya kwanza. Shemasi Mobley, ambaye hakujua kuandika, akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Mimi nitaweka alama yangu," alisema. "Msalaba wangu huu ulininunulia nyumbu wawili na ukanipa mke mmoja. Nyumbu walikuwa wakaidi, lakini mke aliwashinda."

Mama Zella alicheka. Lemuel hakucheka. Aliishika kalamu ile kwa upole, akaivuta kwake.

"Usijisumbue, Shemasi," alisema. "Karatasi hii itasomwa mjini. Wakiona msalaba watasema, ni walewale. Sitaki Mama Zella asomwe hivyo."

Akaandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa pili, Lemuel Gaithers, na mkia mrefu chini ya herufi ya mwisho. Mstari wa tatu ukabaki mtupu. Shemasi aliurudisha mkono wake mezani, akauweka juu ya ule mwingine. Na mimi, ambaye ningeweza kusema neno, nilitikisa kichwa kukubali. Niliona fahari. Watu wa barabara yetu walikuwa wameandika wosia mzima bila msalaba hata mmoja.

Wiki tatu baada ya maziko nilimpeleka Lemuel mahakama ya mirathi kwa pikapu yangu. Alivaa suti ya mazikoni. Wosia ulikuwa ndani ya bahasha ya kaki, kifuani, chini ya koti. Dirishani tulimkuta Tansy Culver, mjukuu wa Culver aliyekuwa msimamizi wetu kule kiwandani. Ni karani pale mwaka wa tisa sasa.

"Bwana Gaithers," alisema, "pole sana kwa Bi Ozella. Pai yake ya viazi vitamu ndiyo iliyonifanya niwe na mwili huu."

"Asante, binti. Nimeuleta wosia wake."

Aliusoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole. Aliposema kwamba mwandiko ni mzuri, Lemuel alijinyoosha. Kisha kidole kikafika chini, kikasimama.

"Huyu Lemuel shahidi ni nani?"

"Ni mimi."

"Na Lemuel anayeachiwa nyumba?"

"Ni mimi vilevile. Tuko wangapi?"

Tansy hakutabasamu. Alitazama mlango wa jaji, uliokuwa umefungwa. "Bwana Gaithers, mimi siruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Nikikupa, nafukuzwa kazi. Lakini naruhusiwa kumpa mtu karatasi ya maelezo, asome mwenyewe." Akachukua karatasi kwenye rundo, akaisukuma kwetu, kucha yake imekaa juu ya aya moja.

Tuliisoma wote wawili, vichwa vimegusana. Haikuwa lugha ngumu. Anayeachiwa mali na wosia akiwa pia shahidi wa wosia huo, wosia unasimama, lakini alichoachiwa kinaanguka, isipokuwa kama wako mashahidi wengine wawili, mbali na yeye, waliotia sahihi au alama zao.

"Au alama," Lemuel alisoma kwa sauti. Akarudia, "Au alama."

"Kikianguka, kinaanguka wapi?" niliuliza mimi.

"Kwa ndugu wa damu," alisema Tansy.

"Mimi ni mtoto wake," alisema Lemuel. "Muulize mtu yeyote."

"Najua, mzee wangu. Kuna karatasi ya kulelewa? Kuna mtu aliye hai aliyemsikia mama yako mzazi akisema, huyu nampa Ozella awe wake?"

Lemuel alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba akigonga milango. "Wote wamekufa," alisema.

Tansy alikunja wosia kwa makunjo yake ya zamani, akaurudisha ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha akaiweka upande wetu wa dirisha. "Sijagonga muhuri," alisema kwa sauti ya chini. "Kisichogongwa muhuri sijakiona. Naona kuna mstari mmoja mtupu pale chini, lakini nimesema sijakiona. Sasa naenda kula. Rudini siku mkiwa tayari."

Njiani tulipita daraja la reli. Nikamwambia, "Delphine je? Labda ataelewa."

"Nilishazungumza naye siku ya maziko," alisema. "Aliniambia, Lemuel, mimi si mtu mbaya. Wosia ukisema ni yako, chukua kwa amani. Lakini kama ni yangu, nitaiuza. Kuna kampuni ya mbao imeshampigia simu. Ana mume mgonjwa. Ningekuwa yeye, ningeuza."

"Basi tupite kwa Shemasi."

Hakunikataza, nami nikakata kona.

Shemasi Mobley alikuwa na miaka tisini na minne. Alikaa karibu na jiko la kuni, blanketi magotini, bakuli la karanga za kuchemsha mapajani. Tulimweleza yote. Nilimweleza mimi, kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalikuwa mazito. Lemuel alikaa na kofia mkononi.

Shemasi alimenya karanga moja, akaitafuna pole pole.

"Kwa hiyo leo mmekuja kutafuta msalaba," alisema. "Miaka minane iliyopita mkono wangu ulikuwa mchafu. Leo umetakata?"

"Shemasi," alisema Lemuel, "nilikukosea."

"Sikukuuliza kama ulinikosea. Nilikuwepo, naujua ukubwa wa kosa lenyewe. Nauliza kuhusu mkono." Akaunyoosha mbele. Ulikuwa unatetemeka hata karanga aliyoishika ikaanguka. "Wakati ule ungepata msalaba ulionyooka. Sasa utapata kuku aliyeparua. Lakini kuku naye ni shahidi. Lete karatasi."

Nilikuwa na kalamu mimi. Nilivuta kibao cha kufulia, nikakiweka juu ya magoti ya mzee, Lemuel akautoa wosia na kuukunjua juu yake. Mstari wa tatu ulikuwa mweupe kama siku alipouchora. Mzee aliishika kalamu kwa ngumi nzima, kama anavyoshika mwiko.

Ndipo Lemuel akafunika mstari ule kwa kiganja chake.

"Toa mkono, kijana," alisema Shemasi.

"Jaji atakuapisha. Atauliza uliweka alama lini."

"Nitasema nilikuwepo. Nilimsikia Zella kwa masikio yangu, na wakati huo yalikuwa yanasikia. Alisema nyumba ni yako. Uongo uko wapi hapo?"

"Uko kwenye siku."

"Siku!" Shemasi alinigeukia mimi. "Hosea, mwambie. Mungu anajua nilikuwa jikoni mle. Atanihesabia siku?"

Nilimwambia Lemuel kwamba mimi niko tayari kuapa. Nilisema kweli, na sijuti. Nilisema hakuna mtu duniani atakayeumia isipokuwa kampuni ya mbao.

Lemuel alitutazama kwa zamu. "Tansy ameuona mtupu," alisema. "Akiulizwa naye aape, atafanyaje? Na wakigundua, hawataufuta mstari mmoja tu. Watautupa wosia wote. Na makaburi yataenda pamoja na misonobari. Matrekta yatapita juu ya Mama Zella, na juu ya mke wako, Shemasi. Nyumba naweza kuipoteza mimi. Yale si yangu kuyachezea."

Mzee aliiachia kalamu. Ikabingirika kwenye kibao mpaka ukingoni, nikaidaka.

"Mara mbili," alisema Shemasi Mobley. "Mara mbili umeninyang'anya kalamu, Lemuel Gaithers. Mara ya kwanza kwa kiburi. Hii ya pili sijui niiite nini."

Lemuel alipiga goti, akauchukua mkono ule unaotetemeka na kuushika kwa mikono yake miwili. Baadaye mzee alisema, "Haya, inuka. Magoti yako yanalia kuliko kuni zangu," lakini hakuuvuta mkono wake, na macho yake aliyaelekeza dirishani.

Sijui mpaka leo kama ile ya pili haikuwa na kiburi pia. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani huiheshimu karatasi kuliko wale waliozaliwa ndani ya vitabu. Huenda asingeweza kuvumilia kuona waraka wake una doa. Lakini nilikuwepo, na niliuona uso wake, na ulikuwa uso wa mtu anayefunga mlango wa nyumba yake akiwa nje.

Siku iliyofuata nilimkuta mezani jikoni. Hakutaka kurudi dirishani kwa Tansy. Alisema yule binti atautazama kwanza mstari wa chini, kisha atamtazama yeye, na hataki kuuona uso huo. Ataupeleka kwa posta. Alikuwa amemwandikia jaji barua, akanipa niisome kama nina la kuongeza.

Iliandikwa hivi: "Mheshimiwa Jaji. Naambatanisha wosia wa Bi Ozella Pinkston, marehemu. Niliuandika mimi kwa maneno yake. Niliushuhudia mimi mwenyewe bila kujua sheria, na alikuwepo mtu wa tatu aliyetaka kuweka alama yake, nikamzuia. Nimesoma maelezo ya mahakama na nimeelewa yatakayotokea. Naomba jambo moja tu, kwamba kifungu cha makaburi kitazamwe kwa makini, maana hicho hakina kosa. Binti wa kaka yake anaitwa Delphine Ware, na anwani yake nimeiandika nyuma. Nitaondoka katika nyumba siku nitakayoambiwa. Wako kwa heshima, Lemuel Gaithers."

"Ungemwambia kwamba alikulea," nilisema.

"Hakuna aya inayouliza hilo."

Nilimwambia sina la kuongeza. Nje upepo ulikuwa unapita kwenye misonobari na kuifanya ivume, ekari zote thelathini na mbili. Alikunja barua, akaiingiza pamoja na wosia ndani ya bahasha mpya, kubwa, na kuandika anwani ya mahakama kwa ule mwandiko wake, bila haraka. Alilamba gundi mara mbili kwa kuwa mdomo wake ulikuwa mkavu, akapitisha kidole gumba ukingoni mpaka mwisho, na akaishikilia chini kwa kiganja muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.

Posta yetu hufungwa saa sita na nusu mchana. Tulifika ikiwa imebaki robo saa. Mama wa dirishani aliipima, akauliza kama anataka iandikishwe, Lemuel akasema ndiyo, akatia sahihi kwenye stakabadhi. Mama yule aliigonga muhuri, akageuka, akaitumbukiza kwenye gunia la barua za mjini.