Mwisho Aliousoma Redio

Kwenye karakana ile ya sare za shule, vyerehani vilizimwa baada ya chakula cha mchana, ikabaki kazi ya mkono: vifungo, kola na mapindo. Hapo fundi mmoja waliyembandika jina Redio alifungua riwaya akawasomea, na wenzake wakamshonea fungu lake la kola. Safari hii ilikuwa riwaya ya kijana mweusi aliyempenda binti wa kizungu, na ilivyokolea, watu walijidunga sindano bila kuhisi.

Mama Vifungo, wifi yake Redio, alisikiliza kwa shida. Mwanawe wa pekee aliwahi kumletea mchumba wa kizungu, naye akawasimamisha mlangoni kama wachuuzi. Yule binti alishanyoosha mkono wa salamu. Mama Vifungo akauangalia tu, akamwambia mwanawe kwamba rangi ile haingii kwake. Wakaondoka moja kwa moja. Kama ana wajukuu, hajui. Pale kazini Redio peke yake ndiye aliyeijua habari hiyo.

Riwaya ikafika pale mama wa kijana anapomfungia mkwewe mlango. Mafundi wakapandisha mori. Mkata vitambaa akasema mama yule hana utu hata chembe. Mwingine akamwombea afe peke yake. Mmoja alijaribu kumtetea, kwamba wazungu nao wana dharau zao, wakamjia juu mpaka akafyata. Kisha wakamgeukia Mama Vifungo, yeye anasemaje? Akasema uzi umemkatikia, akainama. Aibu ilimtafuna asijue pa kuweka uso.

Redio alimwona. Siku ya kumaliza kitabu alisoma kwamba kijana alirudi na mkewe, na mama yake akaomba radhi, akaupokea mkono wa mkwewe. Karakana nzima ikalia kwa raha. Mama Vifungo hakungoja hata jioni, alitoka uani akampigia mwanawe simu.

Mwanawe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, mama," akasema. "Lakini mke wangu alilia sana. Tafadhali usipige tena."

Kesho yake, wenzake walipokwenda kula, Mama Vifungo alikichukua kitabu kwenye mkoba wa Redio. Alitaka kuona yule mama alitumia maneno gani hata akasamehewa. Alitafuta, akarudia kutafuta. Kwenye ukurasa wa mwisho mama yule alikuwa amekaa peke yake, mlango wazi, na hakuna aliyekuja.

Redio akamkuta analia, kitabu mapajani.

"Nilikuona ulivyoinama, wifi," akasema. "Nikashindwa kukisoma kilivyo."

Mama Vifungo alitamani kumkasirikia, akakosa nguvu. Akakifunga kitabu, akamrudishia, kisha akavuta fungu la kola la wifi yake na kutunga uzi.

"Nisomee tena," akasema. "Kama ulivyosoma jana."

Redio akakiacha kitabu kimefungwa, akaanza kusoma.